Karani wa Herufi Nne

Dishon Wanjala alifika Voi mwaka 1962 akiwa na sanduku la bati, mashati mawili na barua iliyosema ameajiriwa na reli kuandika namba. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili. Treni ya mizigo iliposimama, iwe imepanda kutoka Mombasa, imeshuka kutoka Nairobi au imeleta mkonge kutoka upande wa Taveta, Wanjala alichukua ubao wake wa kuandikia, akaanzia kwenye injini na kutembea juu ya kokoto mpaka behewa la gadi, lile la mwisho kabisa, akiandika namba ya kila behewa. Akifika mwisho alivuka reli na kurudi upande wa pili akizisoma tena. Behewa lina mbavu mbili, alisema, na mtu hajapewa ruhusa ya kuamini ubavu mmoja.

Mwaka 1971 alikuta behewa lenye namba moja kushoto na namba nyingine kulia. Mkubwa wake wa zamu alimwambia achague moja. Wanjala alijibu kwamba hakuajiriwa kuchagua. Behewa lilivutwa pembeni likakaa siku tisa kungoja barua. Ndani yake kulikuwa na samaki wakavu, na kufikia siku ya sita mji mzima ulikuwa umelijua behewa hilo bila kusoma namba yoyote. Barua ilipokuja ilisema namba ya kulia ndiyo ya kweli. Wanjala aliiandika, na treni ikaondoka.

Mkewe, Nasimiyu, alimfuata kutoka Samia mwaka 1964, na watoto wakazaliwa na kukulia katika nyumba za reli. Wanjala alipostaafu mwanzoni mwa 1984, wa mwisho alikuwa tayari ameondoka, na nyumba ikarudishwa kwa wenyewe. Kila mtu alidhani mzee na mkewe watarudi Samia. Nasimiyu alisema amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, kipindi ni cha miaka mitatu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume akistaafu na mwenyekiti anastaafu. Wakapanga vyumba viwili Kaloleni.

Kwa miezi minne Wanjala aliamka asubuhi, akavaa koti lake la kazi, akaenda kukaa kando ya barabara ya Mombasa kusoma namba za malori.

"KVR 318 imepita mara mbili kwenda Mombasa," alimwambia Nasimiyu siku moja wakati wa chakula cha mchana. "Katikati haikurudi."

"Ilirudi ukinywa chai."

"Sikunywa chai."

Nasimiyu aliweka mwiko chini. Jumapili iliyofuata alizungumza na Tryphena, mwenzake wa kanisani aliyekuwa akifua makoti meupe ya maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mifugo nje ya mji. Tryphena alisema wanatafuta karani wa ng'ombe. Jumatatu Wanjala alipanda baiskeli.

Kituo chenyewe kilikuwa kilomita kumi na moja kwenye barabara ya vumbi: majengo matatu, tangi la maji ambalo mwaka ule wa ukame lilijazwa na lori, na ng'ombe arobaini wenye vibati vya namba masikioni. Hapo walichunguza nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ambao mnyama hukonda, damu yake ikapungua, mwisho akaanguka. Mkuu wa kituo alikuwa Dakta Silvanus Mwakisha, mtu mnene, mpole, aliyependa mambo yaende bila barua. Chini yake alikuwepo Dakta Elsie Wakesho, binti wa mkulima wa kabeji wa Mghange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka uliotangulia.

Siku ya kwanza Wanjala alipewa daftari la ng'ombe. Jioni alirudi nalo kwa Dakta Elsie.

"Ng'ombe namba kumi na tisa amekufa mara mbili," alisema. "Februari na Juni."

"Na ukweli ni upi?"

"Nimemwacha anakula."

Kesho yake Dakta Elsie alimwita kwenye chumba chake, akamkalisha, akamwekea mbele karatasi moja. Ilikuwa imejaa herufi kutoka juu hadi chini, bila nafasi, bila nukta, na zote zilikuwa zile zile nne: A, C, G na T.

"Mzee Wanjala, unaweza kusoma hii bila kuruka hata moja?"

Wanjala aliisoma. Alitumia dakika sita. Alipomaliza alisema zipo herufi mia tatu na kumi na mbili. Dakta Elsie, aliyekuwa ameshazihesabu mara tatu na kupata majibu matatu, alikwenda kufunga mlango ili wasisumbuliwe.

Alimweleza taratibu. Kila kiumbe chenye uhai, kuanzia mbung'o hadi mkuu wa kituo, kimeandikwa ndani yake kwa herufi hizo nne. Kipande cha maandishi hayo kinachobeba kazi fulani huitwa jeni. Jeni moja huagiza mwili utengeneze kitu cha kusaga sukari, nyingine kitu cha kubeba hewa. Yeye alikuwa amechukua damu ya ng'ombe wagonjwa, akatoa humo vijidudu vya nagana, na kutoka kwa vijidudu akapata kipande hiki. Maabara moja ya Nairobi ilikuwa imemsomea herufi zake.

"Kwa hiyo jeni ninayo," alisema. "Ninachotaka ni kuhakikisha kazi yake."

"Ni kama behewa lisilo na hati ya mzigo," Wanjala alisema. "Namba unaiona, ndani hujui kuna nini."

"Ndiyo hivyo."

"Basi hutafutwa kama kuna stesheni nyingine iliyowahi kuliandika."

Dakta Elsie alifungua kabati na kutoa vitabu viwili vikubwa kama vya kuandikishia ndoa. Ng'ambo, alisema, kuna watu ambao kazi yao ni kukusanya kila jeni iliyosomwa popote duniani, imetoka kwa kiumbe gani na inafanya kazi gani. Huziweka kwenye kompyuta, na mara kwa mara huzichapa vitabuni. Jeni yako isiyojulikana ikifanana sana na moja ya hizo, basi huenda kazi yao ni moja. Nairobi kulikuwa na kompyuta iliyoweza kufanya ulinganishi huo, nayo ilikuwa na foleni. Yeye alikuwa wa arobaini na tatu.

"Mimi naamini jeni hii ndiyo inayotengeneza koti la kijidudu," alisema. "Kile kijidudu hubadilisha koti lake kila mara ili mwili wa ng'ombe usikitambue. Nimeshaandika muhtasari na umekubaliwa. Mkutano ni Juni mwakani, Ulaya. Wewe angalia tu sehemu ya vijidudu, kama kuna mwenzangu ameshaipata."

Wanjala alivifunga vitabu kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mpira na kwenda navyo Kaloleni. Huko alichukua karatasi ya Dakta Elsie akatafuta humo sehemu zisizo za kawaida, jinsi ambavyo mtu hukumbuka namba ya behewa yenye saba tatu mfululizo. Akachagua vipande vitatu vya herufi kumi na mbili kila kimoja, akavikariri. Kisha akakata dirisha jembamba kwenye kipande cha katoni, la kuonyesha mstari mmoja tu, akaanza kuliteremsha ukurasa baada ya ukurasa. Kila alasiri kwa saa mbili. Macho yaliyozoea kusoma namba za malori yanayopita hayakupata taabu na herufi zilizotulia.

Nasimiyu alivumilia siku mbili. Ya tatu alivuta kiti.

"Nipe hicho kingine. Ni herufi ngapi?"

"Nne."

"Alfabeti yao fupi," alisema, akakata dirisha lake mwenyewe. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na ilimtosha.

Sehemu ya vijidudu iliisha baada ya wiki tatu. Hawakuona kitu. Kazi aliyotumwa Wanjala ilikuwa imekwisha, na angeweza kurudisha vitabu asubuhi yake. Lakini kurasa zilizobaki zilikuwa pale, nyingi, na yeye katika maisha yake hakuwahi kuacha treni kabla ya behewa la gadi. Aliendelea. Akapita chachu, akapita kuku, akapita panya. Jumamosi moja ya Machi 1985, saa tisa alasiri, kwenye ukurasa wa 412, dirisha lake lilisimama.

Kipande cha kwanza kilikuwa pale. Alishuka mistari miwili, na cha pili kilikuwa pale. Cha tatu kilikuwa mahali pale pale kilipotakiwa kuwa. Alimwomba Nasimiyu achukue karatasi ya Dakta Elsie asome kwa sauti, herufi tatu tatu, naye akafuata kitabuni kwa ncha ya penseli. Walimaliza, wakabadilishana, wakaanzia mwisho kurudi mwanzo. Herufi mia tatu na tisa zilifanana. Tatu hazikufanana.

"Ni nani huyo?" Nasimiyu aliuliza.

Wanjala alisoma kichwa cha ukurasa, akitumia kamusi ya shule aliyoiacha Ajiambo, binti yao mkubwa. "Ng'ombe," alisema. "Hemoglobini. Kitu cha kubeba hewa kwenye damu."

"Si alisema ametoa kwa kijidudu?"

"Kijidudu alikitoa kwenye damu ya ng'ombe."

Walikaa wakiitazama karatasi. Haikuhitaji masomo ya ng'ambo kuona kilichotokea. Mtu alikwenda kuteka maji mtoni akarudi na ndoo ya mchanga, akauandikia mchanga muhtasari, na muhtasari ukakubaliwa Ulaya.

"Amenunua koti la baridi," Wanjala alisema baadaye. "Tryphena ameliona."

"Koti litavaliwa hata Mghange. Kule kuna baridi. Mwambie."

"Hakunituma huko. Alinituma kwenye vijidudu."

"Baba Ajiambo," Nasimiyu alisema, "ulilaza samaki siku tisa."

Jumatatu Wanjala alifika kituoni mapema, akangoja Dakta Elsie amalize chai. Aliweka kitabu mezani, akakifungua kwenye ukurasa wa 412, akaweka karatasi kando yake.

"Daktari, sehemu ya vijidudu sikuona kitu. Hapa nimeona."

Dakta Elsie alisoma kichwa cha ukurasa, akacheka kidogo, halafu akaacha. Alimwambia Wanjala asome. Wanjala alisoma, herufi tatu tatu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea namba za mabehewa, naye akafuata kwa kidole. Walipofika ya mia mbili kidole cha Dakta Elsie kilisimama, lakini Wanjala aliendelea mpaka mwisho, maana bado herufi zilikuwapo.

"Wale ng'ombe walikuwa wamepungukiwa damu," Dakta Elsie alisema, kama anayezungumza na ukuta. "Mwili unapotengeneza damu mpya kwa haraka, chembe changa zinajaa maagizo ya hemoglobini. Nilitakiwa kuziondoa zote. Nilidhani nimeziondoa."

"Tatu hazifanani," Wanjala alisema. Aliona ni haki kulisema na hilo.

"Asante, Mzee."

Mchana waliitwa na Dakta Silvanus. Alikuwa na telegramu ya mkutano mkononi, na hakupenda mahali mambo yalikokuwa yakielekea. Alisema mifanano ya namna hiyo huwa inatokea. Alisema jina la kituo limeshachapwa kwenye ratiba. Kisha akamgeukia Wanjala.

"Mzee, hata kitabu kinaweza kukosea."

"Kinaweza, Bwana Mkubwa," Wanjala alijibu. "Lakini waliokichapa hawatujui. Sioni wangekoseaje sawasawa na sisi, mara mia tatu na tisa."

Dakta Silvanus alitazama dirishani, ambako ng'ombe namba kumi na tisa alikuwa akijikuna kwenye nguzo. Alisema basi ipelekwe sampuli nyingine Nairobi, na mpaka majibu yarudi asisikie jambo hili kwa Tryphena.

Majibu yalirudi baada ya wiki tano. Jeni ilikuwa ya ng'ombe. Kati ya zile herufi tatu, mbili zilikuwa makosa ya aliyepiga taipu, na moja ilikuwa tofauti ya kweli kati ya ng'ombe wa kituoni na ng'ombe wa kitabuni, ambaye alikuwa wa Kizungu. Dakta Elsie aliandika barua ya kujiondoa kwenye mkutano kwa mkono wake, akaipeleka posta mwenyewe. Kisha akaomba likizo ya wiki moja, akapanda milimani kwao.

Wiki hiyo Wanjala hakuwa mtu wa kukaa naye. Alichunga vibati vya ng'ombe, akarudi nyumbani, akakaa. Alimwambia Nasimiyu kwamba huyu binti alikuwa amesoma miaka tisa, na yeye, kwa kipande cha katoni, amemvunjia kazi kwa alasiri moja.

"Kwani wewe ndiye uliyeweka ng'ombe mle?" Nasimiyu aliuliza, na hakulizungumzia tena.

Jumatatu Dakta Elsie alirudi na gunia la kabeji. Mbili alimpa Wanjala, moja Dakta Silvanus. Uso wake ulikuwa umepungua. Alisema baba yake amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ng'ombe mwenyewe alipona. Alikuwa amepona.

"Tutaanza upya," alisema. "Na kuanzia sasa, kipande chochote kikitoka Nairobi, kabla sijakipa jina kitapitia kwako. Kwanza utafute ng'ombe."

Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka mitatu. Dakta Elsie alibadilisha namna ya kusafisha damu, mara mbili, na vipande vikaanza kuja kwenye bahasha za kaki. Wanjala na Nasimiyu walivikalia mezani Kaloleni. Kati ya ishirini na vitatu vya mwanzo, kumi na vinne vilikuwa ng'ombe. Kimoja kilikuwa bakteria wa tumboni, yule anayetumika maabara kukuzia jeni, na Dakta Elsie alicheka sana, kicheko cha kwanza tangu Machi. Saba havikufanana na kitu chochote. Wanjala aliviweka kwenye faili aliloliandika "Hatuna hati", akawa akivitoa kila toleo jipya la kitabu lilipofika, kwa sababu behewa lisilojulikana leo linaweza kuandikwa kesho na stesheni nyingine.

Kilichobaki kilikuja Oktoba 1986. Hakikuwa ng'ombe. Wanjala alikitafuta mpaka mwisho wa kitabu cha kwanza, na katika kile cha pili Nasimiyu ndiye aliyesema, "Hebu njoo hapa." Kilifanana na jeni ya chachu. Mfanano haukuwa kamili kama ule wa ng'ombe: kwa kila herufi kumi, sita au saba hivi zilikubaliana, tena kwa mpangilio, pamoja na sehemu moja ya katikati iliyokuwa ile ile kabisa. Kitabu kilisema kazi yake kwa chachu ni kuvunja sukari ili kupata nguvu.

Wanjala hakulitangaza. Alikwenda na penseli, akasoma, akasema pale zinapofanana na pale zisipofanana, na akasema kuwa safari hii ng'ombe ametafutwa mara tatu na hayupo. Dakta Elsie alitafsiri herufi hizo kuwa viungo vya protini, akapata kwamba mfanano ulizidi. Ikawa inaeleweka: kijidudu kinaishi ndani ya damu, damu ina sukari, nacho kina chombo cha kuila. Ilimchukua mwaka mzima maabara kuthibitisha kwamba chombo hicho kweli kinafanya kazi hiyo, maana kufanana, alimwambia Wanjala, ni ushahidi mzuri lakini si kiapo. Wanjala alisema hata namba ya behewa si mzigo. Lazima mtu afungue mlango.

Makala ilichapwa mwanzoni mwa 1988. Mwishoni, kwenye shukrani, waliandikwa Bwana D. Wanjale na Bibi N. Wanjale wa Voi, kwa ulinganishi wa maandishi. Wanjala aliisoma mara mbili, akachukua penseli na kusahihisha herufi ya mwisho mahali pote pawili. Dakta Elsie aliomba radhi. Wanjala akamwambia herufi mbili kwa ukurasa mzima si vibaya. Taipu ya Nairobi ilikuwa na mbili vilevile.

Mwaka huo huo Dakta Elsie alikwenda Nairobi na vile vipande ishirini na vitatu vya mwanzo kwenye diski. Kompyuta ilikuwa mpya na foleni imepungua. Alirudi na mkunjo mrefu wa karatasi zenye matundu pembeni, akautandaza mbele ya Wanjala bila maelezo. Mashine ilikuwa imetumia dakika arobaini. Wanjala aliukagua mkunjo huo siku mbili. Ng'ombe wote kumi na wanne walikuwapo, bakteria alikuwapo, chachu ilikuwapo. Kati ya wale saba wasio na hati, sita mashine nayo ilishindwa. Wa saba ilimpata: jeni ya panya, kitabu cha pili, toleo la zamani, ukurasa wa 207.

Wanjala alikwenda kabatini akakifungua kitabu. Jeni ilikuwa pale. Ilikuwa pale tangu mwanzo.

Hakula vizuri kwa siku kadhaa. Miaka ishirini na miwili ya reli alikosea namba mara moja, akiwa na homa, na aliilipia kwa barua ya onyo ambayo aliihifadhi. Alikaa mezani akijaribu kukumbuka alasiri ile ilikuwaje, mwanga ulikuwa upande gani, dirisha la katoni lilikuwa limelegea au la.

Nasimiyu alimwacha mpaka Alhamisi. Kisha akaja akakaa, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kitabu cha pili kilikuwa changu," alisema.

Wanjala aliinua macho.

"Ukurasa wa mia mbili na ngapi?"

"Mia mbili na saba."

"Basi ni siku ile niliunguza maharagwe," Nasimiyu alisema. "Niliinuka kwenda kuyatoa. Niliporudi nilianzia mia mbili na nane."

Wanjala alifikiri. Aliyakumbuka maharagwe yale. Alikuwa ameyala yote na kusema hayana neno.

"Ungemaliza ukurasa kwanza," alisema.

"Ungekula nini?"

Wanjala akachukua faili, akalitoa behewa la saba, akaandika chini yake kwa penseli: panya, kitabu cha pili, ukurasa wa 207. Kisha akaweka tarehe.